Mkubwa kwa Kipimo Gani? Maneno Niliyosema Kwenye Mkutano wa SACCO, Arua, Uganda

(Wanachama ambao hawakufika wameniomba nilichosema siku ile, basi nimekiandika karibu vilevile kilivyotoka mdomoni.)

Mwenyekiti, wanakamati, wazee wangu, mama zangu wa soko, na nyie vijana mliosimama huko mlangoni, salaam zenu wote. Nimeomba hizi dakika sababu ya ajenda namba nne, ile ya kubandika ukutani majina ya wanachama wakubwa ishirini, halafu mikopo ifuate hiyo orodha, anayeuza sana ndo apewe sana. Nimekaa na hiyo karatasi wiki nzima. Naipinga, na ntasema kwa nini, ila sianzii hapa Arua, naanzia mbali kwa matajiri wa dunia maana wao wameshapanga orodha za namna hii miaka mingi na yaliyowapata tunayajua, halafu ntarudi nyumbani.

Kuna jarida la biashara la Marekani linaitwa Fortune. Mwaka 1955 walipanga makampuni 500 ya viwanda ya kwao kuanzia kubwa mpaka dogo, na kipimo kilikuwa kimoja tu, mauzo. Umeuza kiasi gani mwaka huu, basi, hapo ndo nafasi yako. Namba moja ilikuwa General Motors, wale wa magari, mauzo dola bilioni 9.8. Leo wana orodha ya dunia nzima pia, na huko Walmart, maduka ya Marekani, amekaa namba moja kila mwaka kuanzia 2014 mpaka orodha ya 2025. Mwaka wao wa hesabu ulioisha Januari 2025 waliuza dola bilioni 681. Tukihesabu dola kwa shilingi 3,600 hizo ni zaidi ya trilioni 2,400 za kwetu, na bajeti ya serikali yetu ya 2025/26 ni trilioni 72 na kidogo, yaani duka moja linauza bajeti yetu zaidi ya mara thelathini.

Nimeona watu wanashika vichwa. Subirini kwanza. Kwenye hizo bilioni 681, faida iliyobaki ilikuwa kama 19.4. Ina maana kila shilingi mia iliyoingia kwenye droo, haikubaki hata shilingi tatu kamili, nyingine yote ilienda kwa waliowauzia bidhaa, kwa wafanyakazi milioni mbili na zaidi, kwa umeme, magari, kodi. Sisi tunaouza sukari na sabuni tunaijua hiyo biashara, pesa inapita mkononi kama maji na ukiangalia kiganja kimelowa tu. Siisemi vibaya Walmart, ni kampuni ya nguvu kweli. Ila nguvu yake haiko kwenye ile namba 681, na mtu anayesoma ile namba peke yake hajasoma kitu.

Na hapohapo niseme jambo linaloniuma, maana vijana mnatumiana kwenye simu, kampuni fulani ni kubwa kuliko Uganda, kampuni fulani inainunua Afrika Mashariki yote. Wanachofanya wanachukua mauzo ya kampuni wanaweka pembeni ya pato la taifa. Havilingani hivyo vitu! Pato la taifa halihesabu mauzo, linahesabu kile kilichoongezwa. Chukua mwenye mashine ya kusaga, kanunua mahindi ya shilingi elfu moja, unga kauza elfu moja mia nne. Mauzo yake ni elfu moja mia nne, lakini alichoongeza yeye ni mia nne, ile elfu ni jasho la mkulima na imeshahesabiwa kule shambani. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha Walmart na nchi, toa kwanza gharama ya bidhaa alizonunua kwa wengine, utabaki na kitu bado kikubwa ila kidogo mno kuliko ile 681. Tusijidharau kwa hesabu mbovu.

Sasa kuna kipimo cha pili, thamani ya soko. Huyu haulizi umeuza ngapi, anauliza hisa zako zote zikipigwa bei ya leo zinafika wapi. Tuchukue mfano wa kwetu. MTN Uganda ilipoingia soko la hisa Kampala Desemba 2021, hisa moja ilikuwa shilingi 200, na hisa zote ziko kama bilioni 22.4. Zidisha, unapata trilioni 4.48 hivi. Lakini hakuna sanduku mahali lenye trilioni 4.48! Ni bei ya kipande imezidishwa kwa vipande vyote. Wenye ng'ombe mtanielewa, umeuza mguu mmoja kwa bei nzuri halafu unasema ng'ombe mzima ana bei hiyohiyo, labda kweli, labda ukileta miguu yote sokoni siku moja bei inaanguka. Saudi Aramco, ile ya mafuta ya Saudia, Desemba 2019 waliuza hisa asilimia 1.5 tu, na kwa bei ya hiyo asilimia 1.5 dunia ikasema kampuni yote inafika dola trilioni 2.

Kwa kipimo hiki Walmart hayuko juu kabisa tena. Julai 2025 kampuni ya kwanza duniani kufika dola trilioni 4 ilikuwa Nvidia, wale wanaounda chipu za kompyuta zinazotumika kwenye hii akili bandia. Mwaka wao ulioisha Januari 2025 waliuza bilioni 130.5, yaani si hata robo ya Walmart, na wafanyakazi wao walikuwa hawafiki elfu arobaini, lakini faida ilikuwa bilioni 72.9. Kwenye kila mia inabaki hamsini na kitu. Sasa nani mkubwa, wa milioni mbili za wafanyakazi au wa elfu thelathini na kitu? Uliza kipimo kwanza.

Na thamani ya soko nayo ina homa yake. Tarehe 27 Januari 2025 zilitoka habari kwamba Wachina wa DeepSeek wametengeneza akili bandia kwa gharama ndogo, na siku hiyo moja Nvidia ikapoteza thamani ya dola bilioni 589 hivi. Siku moja! Hakuna stoo iliyoungua, hakuna mfanyakazi aliyekufa, hakuna mteja aliyerudisha mzigo, ni watu tu walioingiwa na wasiwasi wakauza hisa. Ikaja ikapanda tena. Kwa hiyo hiyo namba inasema watu wanatarajia nini kesho, haisemi una nini leo.

Jarida lingine, Forbes, waliona hili tatizo, wakaanza mwaka 2003 orodha ya makampuni 2,000 ya dunia na wakasema hatutumii kipimo kimoja, tunachanganya vinne, mauzo, faida, mali yote, na thamani ya soko. Mimi hii naiheshimu zaidi, ni kama kumuangalia ng'ombe meno, kwato, mgongo na maziwa. Hapo benki ndo zinapanda juu, maana mali ya benki ni mikopo iliyotoa na ni mingi. ICBC ya China ilikaa namba moja kutoka 2013 mpaka 2021, kisha Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji ya yule tajiri wa Marekani Warren Buffett, mwaka 2022, kisha JPMorgan Chase 2023, 2024 na 2025.

Msidhani hao wako mbali na nyie. Mwaka 2008 ICBC ilimaliza kununua asilimia 20 ya Standard Bank ya Afrika Kusini, dola bilioni 5.5 hivi, na Standard Bank ndo mwenye Stanbic yetu, ile iliyonunua Uganda Commercial Bank mwaka 2002. Kwa hiyo mama yangu uliyeweka pesa zako Stanbic hapa Arua, ukifuata kamba polepole unafika Johannesburg, ukiendelea unafika Beijing kwa mtu aliyekuwa namba moja wa dunia. Na boda mnaoweka mafuta pale barabarani, tangu Julai 2024 mafuta ya nchi hii yanaagizwa na UNOC, kampuni ya mafuta ya taifa letu, kupitia Vitol, wafanyabiashara wa mafuta ambao mwaka 2022 walifanya mauzo ya dola bilioni 505. Bilioni mia tano! Na kwenye ile orodha ya Forbes hawamo kabisa, sababu Forbes wanahesabu makampuni yenye hisa sokoni tu na Vitol ni mali ya watu wake wa ndani. Orodha inaonyesha waliokubali kupimwa. Hapa kwetu pia kuna mzee ana ng'ombe mia tatu huko vijijini na hajawahi kuandikwa popote.

Haya, sasa nifike kwenye nguvu, maana ajenda inasema wakubwa lakini mkopo unatolewa kwa sababu ya nguvu, na hapo ndo ugomvi wangu.

Kulikuwa na kampuni Marekani inaitwa Enron, biashara ya gesi na umeme. Hesabu za mwaka 2000 walisema mauzo ni dola bilioni 100.8, na Fortune wakawaweka namba saba Marekani nzima. Namba saba! Walifikaje? Sehemu kubwa ni hivi. We ni dalali pale soko la ng'ombe, mtu kakupa ng'ombe wake umuuzie, umeuza milioni mbili, wewe chako ni elfu hamsini. Muungwana anaandika elfu hamsini. Enron walikuwa wanaandika milioni mbili nzima, kila ng'ombe aliyepita mbele yao walimuandika wao, na madeni wakayaficha kwenye vikampuni vya pembeni ili yasionekane kwenye kitabu kikubwa. Tarehe 2 Desemba 2001 wakaomba ulinzi wa mahakama, wamefilisika. Hisa iliyokuwa inakaribia dola 90 mwaka mmoja nyuma ikawa haifiki dola moja, na wafanyakazi waliokuwa wameweka pensheni zao kwenye hisa za kampuni yao wenyewe wakazeeka bila kitu. Hao ndo wananiuma mimi, si wakubwa. Watu wa kawaida waliangalia nafasi kwenye orodha wakaona hapa ni salama.

Mtasema wale walikuwa wezi, sawa. Tuchukue ambao hawakuiba. Citigroup, benki, kwenye Forbes ya 2007 ilikuwa namba moja ya dunia, tena kwa vipimo vinne si kimoja. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ililazimika kuweka dola bilioni 45 isianguke, na Machi 2009 hisa yake ikauzwa chini ya dola moja. Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani, alikuwa na mali ya dola bilioni 639 siku anafilisika Septemba 2008. Alikuwa na mali bilioni 639 jamani, alikosa nini? Alikosa pesa ya Jumatatu. Mali yake ilikuwa nyumba na makaratasi yasiyouzika haraka, na aliokuwa anawakopa usiku mmoja mmoja walikataa kumkopa usiku mwingine. Na ile General Motors namba moja wa 1955, Juni 2009 nayo ikaenda mahakamani kufilisika.

Waswahili wanasema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Hili mi silisomi kwenye magazeti tu. Mnaonijua mnajua mwaka 2015 na mwanzo wa 2016 nilikuwa napeleka mzigo Juba, unga, mafuta ya kula, sabuni, na mwingine naushusha Ariwara upande wa Congo. Kwenye mstari wetu wa stoo hakuna aliyekuwa ananifikia kwa mauzo, lori likirudi lingine linapakia. Kama hii orodha ya ajenda namba nne ingekuwepo ningekuwa wa kwanza na picha yangu ingekuwa ukutani. Julai 2016 vita vikarudi Juba. Wateja wangu walikimbia, mmoja alifariki, Mungu amrehemu, wengine mpaka leo sijui walipo, na mzigo wote niliokuwa nimetoa ulikuwa wa mkopo. Nilifungua kitabu usiku ule nikahesabu pesa niliyonayo mkononi na nikahesabu wanaonidai ambao wanakuja wiki hiyo, nikaona ninaweza kusimama siku nne. Siku nne tu, mtu namba moja wa mstari. Jirani yangu mama mmoja anauza vitenge, mauzo yake hayakufika hata sehemu ya kumi ya yangu, alikuwa hadaiwi na mtu na ana akiba ya kula miezi minane, na yeye ndo alinikopesha ada za watoto muhula ule. Yuko hapa ndani, simtaji jina maana hapendi.

Tangu siku hiyo nikianza kuangalia biashara yoyote, ya dunia au ya kichochoro, naanza na swali la yule mama. Pesa ikikatika leo unasimama siku ngapi?

Na hao wa dunia wana watu wanaolipwa kuuliza swali hilo. Kuna S&P, kuna Moody's, kazi yao ni kumpa mkopaji alama, huyu analipa, huyu ana mashaka. Alama ya juu kabisa ni A tatu. Mnajua kati ya makampuni ya Marekani yaliyobaki na A tatu za S&P ni mangapi? Mawili. Microsoft na Johnson & Johnson, hao wa dawa. General Electric walikuwa nayo wakaipoteza 2009, ExxonMobil wakaipoteza 2016, na serikali ya Marekani yenyewe S&P waliishusha Agosti 2011. Johnson & Johnson hayuko karibu na juu kwenye orodha ya mauzo, lakini ukiniuliza mimi mzigo wangu nimkopeshe nani kati yake na yule muuzaji wa mabilioni asiye na akiba, sihitaji kufikiria. Na mnakumbuka nimemtaja Berkshire, yeye mwisho wa 2024 alikuwa amekaa na pesa taslimu na hati za serikali za muda mfupi dola bilioni 334. Watu wanamlaumu kwamba pesa imelala. Acha ilale. Mwaka 2008 wakubwa wenzake wanakimbia huku na huku, yeye ndo alikuwa anafuatwa kuombwa pesa.

Hata alama si msahafu, Lehman alikuwa na A mpaka mwisho mwisho, nalisema ili msije mkanikamata nalo baadaye. Kipimo kinabaki kazi ya binadamu. Ila heri kipimo kinachouliza madeni kuliko kinachouliza kelele za droo.

Na msifikiri hili ni la Wazungu na Wachina peke yao. Benki Kuu yetu ilipandisha mtaji ambao benki kubwa lazima iwe nao kutoka shilingi bilioni 25 mpaka 150, mwisho ikawa Juni 2024. Waliochagua kipimo hicho hawakusema wenye matawi mengi ndo wabaki, wala wenye matangazo mengi redioni. Walisema tuonyesheni pesa yenu wenyewe, si ya wateja, kwamba siku mikopo ikiharibika nyie ndo mtaumia kwanza kabla ya mama aliyeweka akiba. Na benki zilizoona haziwezi zikashuka daraja, zinaendelea na kazi kwa ngazi nyingine, hakuna aliyewatukana.

Sasa nirudi ukutani kwetu. Hiyo orodha ya ishirini kwa mauzo itafanya nini? Mtu anayepokea mzigo wa mwenzake wa Kampala kumuuzia ataandika mauzo yote kama yake, kama wale Enron, na hatakuwa mwizi, fomu yenyewe ndo imemuuliza hivyo. Kijana anayetoa mkopo kila upande ili auze sana atapanda juu. Mama wa vitenge hatatokea popote. Halafu sisi tutachukua akiba za wanachama mia kadhaa, hela za boda, hela za muhogo, tuziweke kwa yule wa juu siku ambayo barabara ya Koboko au mpaka wa Vurra unafungwa kwa sababu isiyotuhusu, na mipaka hii inafungwa, tumeona wakati wa korona na tumeona kabla yake.

Kwa hiyo Mwenyekiti ombi langu ni hili na naomba liandikwe kwenye kumbukumbu. Orodha isibandikwe. Kama kamati inataka lazima kupanga watu, basi fomu ya mkopo iongezwe mistari minne: baada ya kununua na kulipa wote kimebaki kiasi gani kwa mwezi, unadaiwa na nani na lini, wewe unamdai nani na umemuona lini mara ya mwisho, na ukifunga duka leo unakula siku ngapi kwa ulichonacho. Wanaoona aibu kujibu hadharani wajibu kwa katibu peke yake, ila wajibu. Yangu nimeshaijaza kwa kalamu, pamoja na lile deni la Juba ambalo mpaka leo sijalimaliza, nimeiacha mezani kwa katibu hapo mbele, mwanachama yeyote anayetaka kuisoma kabla hatujapiga kura aende aisome.

Ahsanteni.